Mapigo Milioni Mia

Mtaa wa Tena, Nairobi
Jumatatu, 9 Agosti 1999

Kwa Kaka Patrobas,

Leo ni tarehe tisa, na nimeamua kwamba katika barua hii sitakuficha neno hata moja, hata lile litakalokufanya unune. Nianze na hilo basi. Nimefungua kompyuta yako.

Najua ulisema nisiiguse ndani. Nilinawa mikono, nikashika bomba la maji kwanza kutoa umeme wa mwilini kama ulivyonifundisha, na skrubu zote nikazipanga kwenye kifuniko cha kopo. Kisha nikaihamisha ile kofia ndogo ya plastiki kwenye ubao mkuu kutoka 66 hadi 100. Sikubahatisha. Nilifuata daftari lako, ukurasa ulioandika kwa wino mwekundu, na hesabu yake naielewa. Ubao ukipiga mara milioni sitini na sita kwa sekunde, prosesa huzidisha kwa nne na nusu, inakuwa mia tatu. Ubao ukipiga mara milioni mia, inakuwa mia nne na hamsini. Prosesa ni ileile, imeambiwa tu ikimbie.

Sababu ni hii. Mchungaji alikuja Jumapili ya tarehe mosi, akaona kompyuta imekaa, akamuuliza Mama kama kanisa linaweza kuitumia kuchapa matangazo. Mama akamjibu, "Shule zikifunguliwa kabla haijafanya kazi yoyote ya maana, njoo na mkokoteni, Mchungaji." Shule zinafunguliwa tarehe sita Septemba. Nimehesabu siku.

Kazi ya maana nimeipata. Mwalimu Ndambuki, wa hisabati, ndiye hupanga ratiba ya shule nzima. Kila likizo anatandika karatasi ya manila juu ya meza ya chumba cha walimu, anahamisha vikaratasi vya rangi kwa wiki tatu, na bado muhula uliopita Kidato cha Pili walikuwa na walimu wawili mlangoni kwa wakati mmoja. Nilimwambia naweza kuandika programu ya kupanga ratiba. Alicheka, lakini hakunidharau. Alisema, "Nabalayo, niletee ratiba isiyogongana kufikia Ijumaa ya tarehe tatu, nami nitakuja kwenu kwa miguu yangu kumshukuru mama yako." Mama akishukuriwa na mwalimu nyumbani kwake, Mchungaji hatapata hata waya.

Programu nimeiandika. Shida ilikuwa muda. Ilitaka saa saba, na umeme siku hizi tunapewa kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tano tu. Umeme unarudi saa moja jioni, na saa nne usiku mwenye nyumba anazima swichi kuu kwa sababu nyumba zote sita zina mita moja. Nilijaribu kuifanya ihifadhi ilipofikia, lakini umeme ukikatika ikiwa inaandika, faili linaharibika. Ndipo nikakumbuka daftari lako.

Jumamosi niliiwasha saa kumi na mbili asubuhi, ikamaliza saa nne na dakika arobaini. Nilikuwa nimeketi mbele yake muda wote huo na sikunywa hata chai. Kisha nikaisoma ratiba. Bi Roseline yuko maabara na Kidato cha Tatu, na kipindi hichohicho yuko Kidato cha Kwanza akifundisha Kiswahili. Chini yake kompyuta imeandika: HAKUNA MGONGANO.

Nimeikagua programu mstari kwa mstari na sioni kosa. Kaka, nimeharibu nini?

Mdogo wako akupendaye,
Lorine Nabalayo


Kakamega
14 Agosti 1999

Niaje Lori,

Nilinuna dakika tatu hivi. Kisha nikafika pale pa kushika bomba la maji nikacheka mpaka jirani akagonga ukuta. Wewe ni fundi kuliko mafundi wengi ninaowajua, wanaojipangusa mikono kwenye suruali na kusema Mungu atasaidia.

Hujaharibu kitu. Prosesa ikikimbia inatoa jasho kama mtu yeyote. Sasa nijibu bila kumtetea Mathe: kile kitambaa cheupe cha kufuma, chenye tausi, bado kiko juu ya kompyuta? Kama kipo, hapo ndipo ugonjwa ulipo. Matundu ya hewa yako nyuma na juu, na Mathe ameyaziba kwa tausi. Kiondoe, ivute mbali na ukuta, halafu omba feni kwa jirani uielekeze ndani.

Kazi huku ni nyingi, kila siku mambo mapya, watu hawaishi kuja. Nitakueleza siku nyingine. Msalimu Mathe, mwambie nakula vizuri.

Ni mimi,
Patrobas


Tena
Alhamisi, 19 Agosti 1999

Kwa Kaka Patrobas,

Nimefurahi hukununa sana. Mama amesema umwite Mama, si Mathe.

Kitambaa kilikuwapo. Nilipomwomba akiondoe alisema, "Kitu kizuri hakikai uchi sebuleni. Wageni wataona vumbi kwanza au wataona kompyuta kwanza?" Nikamweleza habari ya matundu ya hewa. Akafikiri, kisha akakikunja, akakitandika juu ya redio, ambayo tayari ilikuwa na chake. Redio yetu sasa ina viwili.

Feni nimeazima kwa mama Ndindi, wa mlango wa pili. Niliwasha kompyuta ikiwa wazi upande mmoja, feni ikipuliza ndani. Baada ya saa tatu niligusa lile bati la kupooza prosesa na lilikuwa vuguvugu tu, kama kikombe ambacho mtu amesahau kunywa. Hata hivyo ratiba ilitoka mbaya tena. Safari hii Mwalimu Kyalo ana vipindi kumi na viwili siku ya Jumatano, na siku ina vipindi tisa.

Kwa hiyo nilifanya jaribio kama tunavyofundishwa maabara, kubadilisha jambo moja tu. Niliandika programu fupi ya kujumlisha namba nyingi na kuziweka kwenye memori, kisha kuzisoma tena. Kwenye mapigo 66 niliiendesha mara kumi, jibu likawa lilelile mara kumi. Kwenye 100 niliiendesha mara kumi, nikapata majibu manne tofauti, na mara moja skrini ikawa ya buluu. Hesabu ni ileile, Kaka, na namba ni zilezile.

Kwa hiyo si joto, na nadhani si programu yangu. Ni kama mtu anayekumbuka vizuri akiulizwa polepole. Je, memori ndiyo inayoshindwa kufuatana na prosesa? Wewe uliwahi kuona hivyo ulipoikimbiza? Daftari lako halisemi kwamba iliwahi kukosea.

Zimebaki siku kumi na tano kabla ya tarehe tatu. Mchungaji amepita tena kupima mlango.

Akupendaye,
Lorine


Kakamega
23 Agosti 1999

Lori,

Rudisha kofia kwenye 66. Mwambie mwalimu wako mashine haikuweza. Hiyo ni kompyuta ya kuungaunga, nisingependa ikuaibishe. Mwaka ujao mambo yakiwa mazuri nitakuletea nyingine, mpya kabisa, na Mchungaji atachapa matangazo yake.

Usifikirie sana. Soma vitabu vyako.

Patrobas


Tena
Alhamisi, 26 Agosti 1999

Kwa Kaka Patrobas,

Barua yako imefika jana. Ni fupi, na haina mzaha hata mmoja, kwa hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko zile ndefu. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba fundi akisema "haiwezekani" kabla ya kufungua, huyo amechoka au ana siri. Mimi nimefungua.

Nilitoa kile kipande cha memori, kile kijiti chenye chipu nyeusi, nikaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Kwenye kila chipu, mwisho wa maandishi, pameandikwa 10. Nilifurahi sana. Nilipiga hesabu: sekunde moja ukiigawa kwa mapigo milioni mia, kila pigo linapata sehemu kumi za bilioni. Chipu ya kumi inataka sehemu kumi kama hizo. Nikasema basi inatosha kabisa, nimekosea mimi mahali.

Halafu nikafungua daftari lako tena, si ukurasa wa wino mwekundu bali unaofuata, ambao sikuusoma vizuri mara ya kwanza. Umeandika hivi, nanakili: "12 Machi. Memori ya chipu za 10 inaanguka kwenye mapigo mia. Nimepata ya chipu za 8. Saa sita mfululizo bila kosa. Sasa prosesa na memori wanatembea pamoja."

Kwa hiyo mwezi wa Machi kompyuta hii ilikuwa na memori ya nane. Tangu uondoke mwezi wa Aprili hakuna aliyeifungua ila mimi. Nimemuuliza Mama, akasema, "Nani afungue? Mimi huipangusa tu."

Sikuulizi kwa hasira. Ungenieleza barua ya kwanza nisingeazima feni, na Mama asingekunja kitambaa chake. Ulijua ni memori, ukanituma kwenye joto. Kisha ukanituma kwa Mwalimu Ndambuki nikaseme siwezi, wakati mashine ndiyo iliyopunguzwa.

Tafadhali niambie memori ya nane iko wapi. Kama umeiuza nitaelewa. Kama umempa mtu pia nitaelewa. Lakini niambie. Siku zimebaki nane.

Lorine


Malava, njia ya Kakamega
30 Agosti 1999

Mpendwa Lori,

Barua hii inaletwa na Shangazi Nekesa, anayepanda basi la asubuhi kesho. Usiifungue mbele ya watu. Ndani ya bahasha kuna karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara, na ndani yake kuna memori ya nane. Sivuti, niliokota pakiti.

Sikuiuza. Nimekaa nayo mfukoni mwa shati miezi mitano.

Lile duka la kompyuta nililowaambia kwamba nafanya kazi humo, nililiona siku moja tu. Nilifika Kakamega na barua yangu ya kuitwa kazini, nikakuta wameondoa kibao, ndani mtu anauza mbolea na dawa za kuku. Mwenye mbolea alikuwa muungwana, alinipa kiti. Nilikaa kwenye hicho kiti nikifikiria sura ya Mathe aliyewaaga watu kanisani kwa niaba yangu, akanishonea na suruali. Sikuweza kurudi. Binamu akanipeleka kiwanda cha sukari huku, wakanipa mzani. Trekta likija na miwa nasoma uzito, naandika nambari ya trekta kitabuni, napiga muhuri. Likitoka tupu naandika tena. Hiyo ndiyo kazi yangu, na ndiyo yale mambo mapya kila siku.

Memori niliitoa usiku wa kuamkia safari, nikarudishia ile ya zamani. Nilitaka nifike kwa mwajiri na kitu mkononi, nimwonyeshe najua kuchagua memori inayolingana na prosesa iliyokimbizwa. Duka halikuwapo, lakini kijiti kikabaki mfukoni. Ofisini kwa kiwanda kuna kompyuta moja, imefunikwa nailoni, hakuna anayeigusa. Nilimwonyesha karani wao, Bwana Matheka, hiki kijiti. Akakigeuzageuza akaniuliza, "Hii ni ya redio?" Nikamwambia ndiyo, ni ya redio.

Sasa hesabu yako. Umepiga sawasawa, ila umesahau kitu kimoja ambacho hata mimi nilikisahau mpaka tarehe 12 Machi. Umeona wajenzi wakipandisha matofali ghorofani pale Umoja? Mmoja chini anarusha, wa juu anadaka. Kumi ni kasi ya mikono ya kudaka peke yake. Lakini tofali nalo lina safari hewani, na mdakaji anahitaji kugeuka aliweke chini. Ukimpa kumi kamili na hakuna nafasi, mengine yatamponyoka, na yule wa chini haoni, anaendelea kurusha tu. Ndiyo maana kompyuta iliandika hakuna mgongano. Haikudanganya, haikujua kuna tofali lililoanguka. Chipu ya nane inabakiza mbili za kugeuka.

Chomeka kwa pande zote mbili kwa nguvu sawa, usikilize mlio wa vishikio kufunga. Endesha lile jaribio lako la namba mara kumi kwanza. Ni jaribio zuri kuliko langu. Mimi niliiacha tu iwake saa sita nikaenda kucheza drafti.

Nilikutuma kwenye joto kwa sababu ya aibu. Nisamehe. Nilifikiri ukishindwa utaacha, nikasahau ni wewe.

Neno moja tu: usimwambie Mathe. Nitamwambia mwenyewe nikipata kazi ya kusema.

Kaka yako,
Patrobas


Tena
Jumamosi, 4 Septemba 1999

Kwa Kaka Patrobas,

Shangazi alifika Jumanne jioni na mihogo, na bahasha yako akanipa jikoni Mama akiwa nje. Niliisoma bafuni. Nililia kidogo, kisha nikasoma tena pale pa redio nikacheka, na Mama akagonga kuuliza kama naumwa.

Jumatano niliichomeka. Vishikio vililia mara mbili. Jaribio la namba nililiendesha mara kumi, kisha kumi nyingine kwa sababu ya woga. Majibu ishirini yote yalikuwa sawa. Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nikaanza ratiba. Saa nne na nusu taa za nyumba zilififia mara moja nikafikiri wamewahi kukata, nikashika meza kama vile meza ndiyo yenye umeme. Hazikuzima. Saa nne na dakika arobaini na moja ilimaliza. Nilinakili kila kitu kwa mkono kwanza, ndipo nikapumua. Umeme ulikatika saa tano kamili.

Mwalimu Ndambuki alikaa na karatasi zangu Ijumaa asubuhi yote, na rula na kalamu ya risasi, akitafuta mgongano. Mimi nilisimama mlangoni. Kwa Bi Roseline alirudi mara tatu. Mwishowe aliweka kalamu sikioni akasema, "Sasa hivi vikaratasi vyangu nivipeleke wapi?" Saa kumi alikuja nyumbani kwa miguu, kama alivyoahidi, na kilo ya sukari.

Nataka nikuandikie walivyoongea, kwa sababu ndicho kinachonifanya nikuandikie haraka. Mwalimu alimwambia Mama kwamba kazi ya wiki tatu imefanywa na mashine ile pale kwa asubuhi moja, na kwamba msichana aliyeiamuru ni mimi. Mama aliitazama kompyuta kama mtu aliyetambulishwa kwa mgeni ambaye amekuwa akimpangusa tu. Akauliza, "Hii? Hii ya Patrobas?" Mwalimu akasema, "Hiyohiyo, mama. Aliyeiunda anajua kazi yake." Mama aliinuka akaongeza chai kwenye vikombe vilivyokuwa vimejaa.

Mchungaji ameambiwa hapana. Mama alimwambia jana hiyohiyo, langoni, hata hakumkaribisha ndani. Kwa hiyo nilichokuwa nakiogopa tangu Agosti kimeisha, na ningekuwa na furaha tupu. Lakini Mama hakulala vizuri. Leo asubuhi amesema hivi, nami nilikuwa naosha vyombo: "Mtoto wangu yuko Kakamega anahangaika na kompyuta za watu, na yake mwenyewe, yenye akili hivi, mimi nimeifanya meza ya kitambaa. Hapana. Inaenda kwake."

Nilimwambia naihitaji shuleni. Akasema wewe unaihitaji kazini, na mkubwa hutangulia. Nilimwambia labda dukani wanazo za kutosha. Akasema, "Za kutosha, lakini si hii." Jibu lisilo uongo lilikuwa limebaki moja tu, na hilo ulinikataza.

Ameshapata katoni kwa mwenye duka na amekunja blanketi mbili za kuizungushia. Ameomba ruhusa kazini kwake sokoni. Hatumi mtu, Kaka. Anakuja mwenyewe, Jumamosi ijayo, tarehe kumi na moja, kwa basi la saa moja asubuhi, akae na kompyuta mapajani hadi Kakamega, aione ofisi yako na meza utakapoiweka. Amewaambia akina mama wa kanisa. Nimemwona akijaribu viatu.

Nimefikiria mambo mawili. La kwanza ni kwamba mimi sioni aibu yoyote katika kupima miwa, na ningependa siku moja nione mzani wenyewe na kitabu unachoandika, maana nambari za trekta zikiingia na kutoka ni kitu ambacho programu inaweza kukifanya vizuri. La pili ni kwamba nilikuahidi kutokuficha kitu, na sasa naona ni vigumu kumwahidi mtu mmoja hivyo na kumficha mwingine ndani ya nyumba moja. Nikimtazama Mama akifunga katoni nahisi kama ile kompyuta ya juzi, iliyoandika hakuna mgongano.

Barua hii naiposti leo kabla ya saa sita. Itakufikia Jumatatu au Jumanne. Kuna basi la kutoka kwenu kila usiku.

Kwa hiyo nijibu siku hiyohiyo utakayoipata: nimwambie mimi, au utakuja kabla ya Jumamosi umwambie wewe?

Mdogo wako akupendaye,
Lorine Nabalayo